Mchanga Uliotoka Chini

Karatasi ile ilikuwa na mistari mitatu tu ya maneno, na chini yake nafasi pana ya sahihi. Ilipigwa chapa kwamba mimi, mpanga masanduku, nilichanganya mawe ya shimo la nne kwa uzembe wangu, na kwamba nakubali kosa hilo bila kushurutishwa. Fomeni, msimamizi wetu kambini, aliisoma kwa sauti, akaiweka mezani mbele yangu, akalaza kalamu juu yake. Nikamwuliza, "Kama sishurutishwi, mbona umefunga mlango?" Akainuka akaufungua, lakini karatasi hakuiondoa.

Watu wengi hawajui kazi ile ilikuwa kazi gani, kwa hiyo nianzie mbali kidogo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Watu wa kutafuta mafuta walipiga kambi nyikani, ukipita Marungu kuelekea mashariki, huko ambako mawe magumu ya milima yetu ya Taita yanazama ardhini na mawe laini ya mchanga na tope yanaanza. Mafuta ninayoyasema ni ya petroli. Vijijini walidhani yakipatikana tutachota kwa debe, na mama mmoja wa kanisani kwetu aliniomba nimwekee chupa mbili za taa yake. Mimi niliandikwa kufua nguo za mafundi. Baada ya mwezi mmoja mpanga masanduku alirudi kwao, na kwa kuwa nilijua kusoma na mikono yangu haikuwa na papara, wakanihamishia kwenye kibanda chake.

Mtambo wa kuchimba ulikuwa na bomba lenye meno mdomoni. Lilizunguka likitoboa ardhi, na likivutwa juu lilikuwa limemeza mwamba, mviringo na mrefu, unene wake sawa na mchi wa kutwangia. Basi sisi tuliyaita mawe hayo michi. Kila mchi ulipotoka niliuosha, nikauchorea mshale mwekundu kuonyesha upande wa juu, nikaulaza kwenye sanduku la mbao lenye mifereji, kisha nikaandika namba na kina ulikotoka. Vipande vilivyovunjika nilivilaza jinsi vilivyofuatana. Hivyo shimo zima lililala kibandani mwangu, kuanzia mizizi ya nyasi hadi chini kabisa. Mtaalamu wa mawe, mzungu wa makamo aliyekuja kutoka Mombasa kila baada ya wiki mbili, hakuwahi kuliona shimo lenyewe. Aliona masanduku yangu tu. Nililijua hilo na likanitia kiburi, sikatai.

Mwanzoni nilikosea, na afadhali niliseme mwenyewe kabla hajalisema mwingine. Mimi ni mzaliwa wa Wusi, na kwetu matuta ya shamba huhesabiwa kutoka bondeni. Tuta la kwanza ni lile la chini kabisa, penye unyevu, ndilo linalolimwa kwanza. La pili liko juu yake, na unazidi kupanda hadi unafika mlangoni kwako. Ukimwambia mtoto wa Wusi akangoe viazi tuta la kwanza, atateremka bila kuuliza. Kwa hiyo nilipokabidhiwa shimo la kwanza niliandika namba moja kwenye sanduku la chini kabisa na nikaendelea kupanda. Fomeni alikuwa mtu wa magharibi, kutoka tambarare za karibu na ziwa, ambako shamba zima ni bapa. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama, hapa tunaanza juu, kama vile unasoma barua," akasema. Tukabadilisha namba zote kabla ya chakula cha mchana, na mambo yakaisha. Ila jioni aliandika kwenye kitabu cha kambi kwamba mpanga masanduku amepanga shimo miguu juu kichwa chini. Nilidhani ni mzaha wake, na nilicheka naye.

Shimo la nne lilikuwa la tope tupu. Sisemi tope la kukanyaga. Hili lilikuwa tope la zamani zisizohesabika, lililokandamizwa likawa jiwe, jeusi la kijivu, tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizorundikwa. Siku nyingi hatukutoa kingine. Mafundi walichoka, mpishi alichoka kwa sababu mafundi waliochoka hula sana, na mimi niliendelea kuchora mishale yangu. Kisha asubuhi moja ukatoka mchi ambao sikuuweka chini haraka. Tope lilikuwa limelala kama kawaida, lakini katikati yake palipita mchanga mweupe uliosimama wima, umekata tabaka zote kama utambi ndani ya mshumaa. Michi iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Tulipozidi kwenda chini tukakuta mchanga mwingi, mnene, uliolala kama mchanga unavyolala. Kitu kile nilikuwa nimewahi kukiona kikitendeka.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi nilitolewa Wusi nikapelekwa Marungu kukaa na mama mdogo, aliyekuwa na ng'ombe na hakuwa na binti. Huko maji yalichimbwa kwenye mto wa mchanga. Unafukua mchanga mkavu, unafika kwenye utando wa udongo mfinyanzi, na chini ya utando huo kuna mchanga mwingine uliojaa maji. Mama mdogo alinifundisha kwamba utando hautobolewi katikati. Unatobolewa pembeni kwa kijiti, polepole, maji yapande kidogo kidogo. Siku moja nilizembea, ng'ombe wakaniponyoka wakaingia shimoni wote. Uzito wao ulikandamiza ule utando ukapasuka, na mchanga mbichi ukapanda kwenye nyufa ukitokota kama uji, umebeba mapande ya udongo uliouvunja njiani. Shimo likajaa mbele ya macho yangu. Nilichapwa siku hiyo, na nilistahili. Lakini tangu hapo nilijua kwamba mchanga wenye maji ukikandamizwa hupanda, na ukikosa njia huitengeneza.

Kwa hiyo nilipouona ule mchi sikushangaa hata kidogo. Nilisubiri mtaalamu aje nimweleze, na nikawa nimejipangia maneno kabisa.

Hakunipa nafasi ya kuyasema. Aliinama juu ya masanduku, akapita moja, akapita la pili, uso ukaiva. Akaniuliza, "Mama, hii mchanga natoka wapi?" Nikamjibu, "Chini, bwana." Akatikisa kichwa. Alivyofundishwa yeye, ufa ukipasuka kwenye sakafu ya ziwa la kale, mchanga huanguka kutoka juu ukaujaza. Na juu ya mchi wangu hapakuwa na mchanga hata wa kujaza kijiko. Palikuwa na tope, sanduku baada ya sanduku. Mchanga wote ulikuwa chini. Basi kwake jibu lilikuwa jepesi: mawe yamegeuzwa, na aliyeyagusa ni mtu mmoja. Akaitisha kitabu cha kambi. Fomeni alikifungua pale pale penye ule mzaha wake, na nikaona uso wake ukimshuka alipoyasoma maneno yake mwenyewe. Nadhani alijuta. Lakini alisoma.

Saa hiyo hiyo mtaalamu akazungumza na wakubwa wake kwa redio, akawaambia shimo la nne limevurugwa na mfanyakazi, haliwezi kutumika. Ndipo karatasi ikapigwa chapa. Nikitia sahihi, nitarudi kufua nguo, na masanduku ya shimo la nne yatatupwa. Nisipotia, nitaondoka na gari la kesho adhuhuri.

Fomeni alinifuata jikoni na ile karatasi. "Mama, weka sahihi tu, hii maneno iishe," akasema. "Hata mimi nimewahi kuweka sahihi ya makosa si yangu. Huyu mzungu atasahau mwezi ujao."

"Mimi sitasahau," nikamwambia.

"Unapigania mawe?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba darasa la sita nilitolewa shule kwa sababu mwalimu aliniita mbishi, na kilichotokea siku ile ni kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi na yake haikuwa. Nikamwambia nimelima, nimechunga, nimekata mkonge hadi vidole vikavuja damu, na katika kazi zote hizo hakuna aliyewahi kujali ninafikiri nini. Hii ndiyo kazi ya kwanza iliyotaka kichwa changu, na sasa mnataka niandike kwa mkono wangu kwamba kichwa chenyewe hakipo. Mpishi aliacha kukoroga. Fomeni akakunja karatasi, akasema tutaonana asubuhi.

Jua lilipochomoza nilianza kutoa masanduku nje. Hakuna aliyenituma. Niliyabeba moja moja kichwani hadi uwanja wa kambi, na nilipofika la tano mpishi akatoka na aproni yake akashika la sita. Madereva wawili wakaja. Tukayaweka yote chini, kisha nikapiga magoti nikaanza kuitoa michi na kuilaza juu ya ardhi, mdomo kwa mdomo. Nilianzia na ule wa chini kabisa. Nilifanya hivyo makusudi, na nilifanya hivyo mbele ya fomeni.

Mchi ukivunjika, mdomo wake haufanani na mdomo mwingine wowote. Ukiugeuza, haukubali. Nikachukua wa chini, nikachukua unaofuata, nikaviringisha taratibu mpaka nikausikia ukikaa. Kisha unaofuata. Kila mshale wangu mwekundu ulielekea kule kule, na kila mdomo ulikubali mwenzake. Shimo la nne likatambaa kutoka mlango wa kibanda changu, likapita jiko, likapita hema la mtaalamu, likaendelea kuelekea lango. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama. Mtaalamu alitoka na kikombe cha chai mkononi, akakuta shimo lake limelala miguuni pake, na ikambidi aliruke ili apite.

"Jaribu kugeuza mmoja," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini akajaribu. Mchi ulikataa. Akajaribu mwingine, nao ukakataa. Akatembea kando ya mstari mzima ameinama, akigusa maungio kwa kidole, na hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyethubutu.

Bado akanung'unika kwamba hata kama michi haikugeuzwa, huenda mchanga uliingia kutoka mahali pengine, kutoka juu. Hapo ndipo nilipomwonyesha nilichokuwa nimekigundua wakati nauosha mchi wenyewe. Ndani ya ule mchanga mweupe palikuwa na kibamba cha tope, kipande bapa ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kimeelea peke yake pasipo na tope lingine. Katikati yake kilipita kistari chembamba chekundu. Na katika ukuta wa tope, mchi mmoja chini zaidi, palikuwa na pengo, na kistari kile kile chekundu kilikatika kilipofika kwenye pengo hilo na kuendelea baada yake. Nilichukua sindano ya kushonea magunia, nikakichokoa kibamba, nikateremka nacho ule urefu wa mchi, nikakiingiza kwenye pengo. Kilikaa. Kistari kikaungana na kistari.

"Kilivunjika hapa," nikasema, "halafu kikapatikana pale juu. Nani alikipandisha?"

Mzungu yule alipiga magoti vumbini na suruali yake safi. Alikitoa kibamba, akakirudisha, akakitoa tena. Nilipomhesabia mara ya nne nilijua nimemshinda, na nilifurahi vibaya sana, furaha ya kutaka kupiga kelele. Nikamsimulia ng'ombe wa mama mdogo. Alisikiliza yote. Kisha akaanza kusema kwa haraka, Kiswahili chake kikimtoroka, akichora vumbini kwa kijiti. Alisema mafuta ni mepesi kuliko maji, hupanda katikati ya chembe za mchanga hadi yakutane na kitu kisichopitika. Tope lile halipitiki. Wao walikuwa wakitafuta mahali mwamba ulipojikunja kama mgongo wa kobe, maana ndipo mafuta hunaswa. Lakini mchanga uliojipenyeza ndani ya tope, ukazingirwa na tope pande zote, nao ni mtego. Ni mfuko ulioshonwa mdomo. Na wangeupita bila kuuona, kwa sababu juu yake hakuna mgongo wowote wa kuuonyesha. Akasema shimo la nne ni muhimu kuliko yale matatu yote.

Walipeleka michi ile kwenye kibanda chenye giza, wakaimulika kwa taa maalumu ambayo huyafanya mafuta yang'ae. Nilisimama mlangoni. Haikung'aa. Mtaalamu akauramba mchanga kama mtoto, akasema chumvi. Mtego ulikuwepo, mtupu, umejaa maji ya chumvi tu. Sikuhuzunika hata kidogo. Mimi sikuwa nimeahidi mtu yeyote mafuta. Nilisema mchanga umetoka chini.

Sasa mtu angedhani mambo yaliishia hapo kwa heri. Nilidhani hivyo mimi. Nilikuwa nimekirudisha kibamba mchangani na kuanza kurudisha michi masandukuni, nikasikia fomeni akiniita ofisini, na nilikwenda nikitabasamu. Mtaalamu alikuwepo ameketi. Karatasi ilikuwa mezani, ile ile, na kalamu juu yake.

Mtaalamu hakuniangalia machoni. Alisema wakubwa wameshaambiwa. Kuwaambia tena kwamba mawe yalikuwa sawa na aliyekosea ni yeye kungeleta maswali mengi, na kwa kuwa mafuta hayapo, maswali hayo hayana faida kwa mtu. Nitie sahihi tu ya kuweka kwenye faili. Sitarudi kufua; nitabaki kibandani na cheo changu. "Wewe najua kweli, mimi najua kweli," akasema. "Hii ni karatasi tu."

Nisijifanye shujaa: niliiwaza nafasi ile. Niliwaza kibanda changu, rangi nyekundu, harufu ya mawe yaliyotoka kuoshwa. Niliipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya au niliyokuja kuifanya baadaye. Kama angekuwa bado anaamini nimekosea, labda ningeweza kumsamehe. Lakini huyu alikuwa amepiga magoti. Alikirudisha kibamba kwa mkono wake mara nne.

Nikaiacha karatasi pale pale, nikachukua kalamu. Nikavuta kitabu cha kambi kilichokuwa mbele ya fomeni, nikafungua penye mzaha wake. Fomeni aliweka kiganja chake juu ya ukurasa. Tukatazamana. Kisha akakiondoa, na kwa hilo nimemsamehe mengine yote. Chini ya maneno yake niliandika kwa mwandiko wangu wa darasa la sita: Shimo la kwanza nilikosea, nikasahihisha. Shimo la nne sikukosea. Mchanga umetoka chini. Nikaandika jina langu, la baba na la babu, nikatia sahihi yangu. Hawakupata nyingine.

Adhuhuri nilipanda gari la kwenda Voi na kifurushi changu. Nililia njiani kutoka kituo cha Maungu hadi mjini, na dereva alijifanya anasikiliza injini. Sikulia kwa kujuta. Nililia kwa sababu nilikuwa nimenyang'anywa kitu changu.

Kambi ilivunjwa kabla ya mwaka kwisha. Mpishi, akirudi kwao kwa treni, alishuka Voi akanitafuta sokoni nilipokuwa nauza mboga. Alisema mbao za masanduku zimegeuzwa kuwa mabanda ya kuku, na mawe yalimwagwa kwenye mashimo ya barabara. Kitabu hakujua kilikokwenda. Kisha akafungua gunia lake, akatoa michi miwili iliyofungwa kwa shuka kuukuu: ule wenye pengo na ule wenye kibamba. Hakuambiwa na mtu.

Nilipojenga Wusi niliipachika mmoja juu ya mwingine kwa saruji kidogo, mdomo kwa mdomo, nikaisimamisha kando ya mlango. Rangi ya mishale imefifia. Juzi binti yangu alikuja likizo, akadeki nyumba, na nilipotoka shambani nikakuta ameurudisha mchi ule kichwa chini.

"Umeugeuza," nikamwambia.

"Mama, si ni jiwe tu? Lina tofauti gani?"

"Nilifukuzwa kazi kwa tofauti hiyo," nikasema. Akacheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki, akaweka tambara chini. Nikamwambia anishikie huku. Tukauinua pamoja, tukauzungusha, tukausimamisha tena, pengo chini, kibamba juu.